Barua ya Wazi kwa Walioniajiri: Kazi za Waombaji Mnazitumia, Majibu Hamjawapa

Kwa:
Mwenyekiti wa Bodi ya Wakurugenzi,
Mkurugenzi Mtendaji,
Mkuu wa Idara ya Rasilimali Watu.

Waheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU USAILI WA NAFASI YA MSIMAMIZI WA BOHARI NA NAMNA NILIVYOAJIRIWA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mfanyakazi wenu, na ninaandika nikiwa bado kazini. Naomba hilo lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu malalamiko ya usaili kwa kawaida hutoka kwa aliyekosa nafasi, na aliyekosa huambiwa ana kinyongo. Mimi sikukosa. Niliajiriwa, ingawa kazi niliyopewa si ile niliyoitiwa, na kwa kuwa niko ndani nimeona kwa macho yangu mambo ambayo wenzangu walioachwa nje ya mlango hawawezi kuyajua.

Sikuanzia hapa hadharani. Nilianza kwa kuzungumza na msimamizi wangu, ambaye alinisikiliza vizuri na kuniambia kwamba jambo hili liko juu ya uwezo wake. Nikaiandikia Idara ya Rasilimali Watu mara mbili, kisha ofisi ya Mkurugenzi Mtendaji mara moja, na nakala za barua zote tatu zenye mihuri ya mapokezi ninazo. Barua mbili zilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba suala langu linashughulikiwa. Ya tatu haikujibiwa kabisa. Huu ni mwezi wa saba. Sitaitaja kampuni hapa, wala jina la mtu yeyote, kwa kuwa ninachotafuta ni marekebisho na ninyi mnaosoma mnajijua.

Haki inanitaka niseme pia yaliyokuwa mema. Afisa aliyenipigia simu mara ya kwanza alikuwa na adabu, jopo lilianza kwa saa iliyopangwa, na maswali mengi ya kitaalamu yalikuwa ya mtu anayeijua bohari. Mlolongo wenyewe ulichukua wiki 11: fomu ya kwenye tovuti (iliyonitaka nipakie wasifu wangu, kisha ikanitaka niuandike wote upya kisanduku kwa kisanduku, sijui kwa faida ya nani), usaili wa simu, mtihani wa kuchagua majibu, kazi ya majaribio, jopo la watu 5, na mwisho mazungumzo na mkuu wa idara. Urefu huo siulalamikii. Ninayoyalalamikia ni haya yafuatayo.

1. Kazi ya majaribio iliyogeuka kuwa mali ya kampuni

Baada ya mtihani nilitumiwa barua pepe ya sentensi 4, ikinitaka niandae ndani ya siku 3 mpango wa kupunguza upotevu na uharibifu wa bidhaa, pamoja na jedwali la kufuatilia bidhaa zinazoingia na kutoka. Iliambatanishwa na takwimu halisi za bohari yenu za miezi 6. Hakuna hata sentensi moja kati ya hizo 4 iliyosema kwamba kazi hiyo ingetumika baadaye, iwe nimeajiriwa au sikuajiriwa.

Niliifanya usiku, mtoto akishalala, kwa jumla ya saa 14. Niligawa bidhaa katika makundi matatu kulingana na thamani yake na kasi ya kutoka, nikaweka kiwango cha chini ambacho kila bidhaa ikikifikia iagizwe upya, nikapanga upokeaji ili kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka, na nikapendekeza ratiba ya kuhesabu sehemu moja ya bohari kila wiki badala ya kusubiri kuifunga bohari nzima mwisho wa mwaka.

Katika wiki yangu ya pili kazini, msimamizi alinituma nifungue kabrasha la pamoja kwenye kompyuta nichukue jedwali la mapokezi. Nilipolifungua nikakuta ni jedwali langu. Nembo ya kampuni ilikuwa imewekwa juu, vichwa vya safu vimetiwa rangi ya buluu, jina langu limefutwa. Lakini safu ya sita ilikuwa bado imeandikwa "Tarehe ya Kupokelwa", kwa kuwa usiku ule niliiruka herufi moja na tangu hapo hakuna aliyeigundua. Watunza bohari wawili walikuwa wakiijaza safu hiyo kila siku, na mimi nikaanza kuijaza pamoja nao. Nakiri kwamba nilichohisi kwanza ni aibu ya lile kosa la tahajia. Hasira ilinijia jioni, nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Lingekuwa jedwali langu peke yake, pengine nisingeandika barua hii, maana mtu anaweza kudai kwamba mshahara wangu umekwisha kulifuta deni hilo. Lakini ndani ya kabrasha hilohilo nilikuta kazi nyingine 3 za waombaji wenzangu. Mmoja alichora ramani ya mpangilio wa rafu, na rafu za bohari leo zimepangwa vivyo hivyo, hata meza ya mapokezi aliyoshauri isogezwe karibu na mlango wa kupakulia imesogezwa. Mwingine aliandika fomu ya kuripoti bidhaa zilizoharibika, na ndiyo tunayoijaza. Wote watatu hawakuajiriwa, wala hawakulipwa chochote, na kwa kadiri ninavyojua hawajaambiwa.

Najua jibu mtakalolitanguliza: kwamba kazi ya majaribio ni kipimo kizuri cha mwombaji. Ni kweli, na siipingi. Watafiti Frank Schmidt na John Hunter, walipokusanya mwaka 1998 matokeo ya miaka 85 ya tafiti za uajiri, waliipa kazi ya majaribio uzito wa 0.54 katika kutabiri utendaji, kwenye mizani ambayo 0 haitabiri chochote na 1 inatabiri kila kitu. Hapakuwa na njia iliyoishinda kwa wakati ule. Paul Sackett na wenzake, walipozirudia hesabu za namna hiyo mwaka 2022, waliishusha hadi 0.33, lakini bado ni kipimo cha maana. Hata hivyo kipimo hutolewa kwa takwimu za kubuni, hupewa saa moja au mbili, husahihishwa, kisha hufungwa kabatini. Mwalimu hauzi insha za wanafunzi wake. Kazi iliyoanza na takwimu halisi za kampuni na kuishia kwenye rafu za kampuni imekwisha kuwa kazi kamili, na Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 23, linampa kila afanyaye kazi haki ya kupata ujira wa haki.

Jibu la pili, ambalo nililisikia kwa mdomo kutoka kwa mtu wa Rasilimali Watu, ni kwamba kila kinachowasilishwa na mwombaji huwa ni cha kampuni. Sijaonyeshwa mahali palipoandikwa hivyo. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886 na marekebisho yake, ambao nchi nyingi duniani zimejiunga nao, andiko hulindwa tangu linapoandikwa, bila mwandishi kulazimika kulisajili popote. Nakubali kwamba kinacholindwa ni andiko na si wazo, na kwamba hakuna mtu anayemiliki wazo la kusogeza meza. Lakini mpango wangu haukuchukuliwa kama wazo. Ulinakiliwa herufi kwa herufi, pamoja na ile isiyokuwepo.

2. Nafasi niliyoambiwa kwa simu na nafasi niliyoikuta kwenye mkataba

Aliyenipigia simu alisema, "Hongera, umepata nafasi ya Msimamizi wa Bohari." Akanitajia mshahara, akanitajia muda wa matazamio wa miezi 3, akanipa tarehe ya kuripoti. Nilipoomba barua ya ajira kabla sijatoa notisi kwa mwajiri wangu wa wakati huo, niliambiwa kwamba barua iko mezani kwa Mkurugenzi ikisubiri sahihi, na kwamba nisichelewe kwa sababu nafasi inahitajika haraka. Nikatoa notisi ya mwezi mmoja bila karatasi mkononi. Kosa hilo ni langu, na yeyote anayesoma haya akiwa katika hali kama yangu asilirudie.

Asubuhi ya kuripoti niliingizwa katika chumba kidogo cha mikutano. Mkataba wa kurasa 7 ulikuwa mezani, na juu yake imelazwa kalamu iliyokwisha kufunuliwa kifuniko. Ukurasa wa pili ulisema Msaidizi wa Msimamizi wa Bohari. Mshahara ulikuwa pungufu kwa robo. Muda wa matazamio ulikuwa miezi 6. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba muundo wa idara ulibadilishwa wiki iliyotangulia, na nikakumbushwa kwamba wenzangu wawili walikuwa nje wakisubiri kusaini. Mwajiri wangu wa zamani alikuwa ameshaijaza nafasi yangu. Nikasaini.

Mtasema nilisaini kwa hiari yangu, na kwenye karatasi ndivyo ilivyo. Lakini anayejua kwamba muundo umebadilika wiki nzima kabla ya siku ya kuripoti, akakaa kimya mpaka mtu afike na amekwisha kuacha kazi yake, amemwondolea hiari hiyo kwa makusudi au kwa uzembe, na matokeo kwa aliyeshika kalamu ni yaleyale. Simu moja ingetosha. Ningepata nafasi ya kusema hapana, au kusema ndiyo nikiwa najua ninachokubali.

Jambo hili si la kwenu peke yenu, na ndiyo maana kwingine limeanza kuwekewa sheria. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 maelekezo yanayompa mwombaji kazi haki ya kujua mshahara wa kuanzia, au kiwango chake cha chini na cha juu, mapema kiasi cha kumwezesha kujadiliana akiwa na taarifa, na yanayomkataza mwajiri kumuuliza alikuwa akilipwa kiasi gani alikotoka. Nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 7 Juni 2026 kuyaingiza katika sheria zao. Sheria hiyo haiwabani ninyi. Ninaitaja ili isije ikasemwa kwamba ninachokiomba ni kitu kisichowezekana.

3. Maswali niliyoulizwa mimi na wenzangu wa kiume hawakuulizwa

Katikati ya usaili wa jopo, baada ya swali la hesabu ya bidhaa, mjumbe mmoja aliniuliza nina watoto wangapi, wa mwisho ana umri gani, nani hubaki naye nikiwa kazini, na kama "nimeshamaliza". Wawili walicheka kidogo. Mwenyekiti wa jopo hakucheka; aliandika kitu kwenye karatasi yake. Hadi leo ningependa kujua aliandika nini.

Nimewauliza wenzangu wawili wa kiume tuliosaini siku moja, waliosailiwa na jopo hilohilo. Hakuna aliyeulizwa habari ya watoto, na mmoja wao anao wanne.

Mkataba Na. 111 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unakataza ubaguzi wa kijinsia katika kuingia kazini na si katika kazi yenyewe tu. Mkataba Na. 156 wa mwaka 1981 unalenga wafanyakazi wenye majukumu ya kifamilia, wake kwa waume, waweze kuajiriwa bila kubaguliwa kwa sababu ya majukumu hayo. Ule Na. 183 wa mwaka 2000 unazitaka nchi zilizouridhia zipige marufuku kumpima ujauzito mwanamke anayeomba kazi, isipokuwa pale ambapo sheria inaizuia kazi hiyo kwa mjamzito au ina hatari inayotambulika kwa afya yake na ya mtoto. Swali la kama "nimeshamaliza" halikuwa kipimo cha damu, lakini lilikuwa linatafuta jibu lilelile.

Nimeambiwa kwamba yalikuwa mazungumzo ya kumtuliza msailiwa. Nimeambiwa pia, na mtu mwingine, kwamba bohari ina zamu za usiku na mwajiri ana haki ya kujua kama mfanyakazi atazimudu. Maelezo hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Kama hoja ni zamu, swali liko wazi: "Kazi hii ina zamu za usiku, je, utaziweza?" Na waulizwe wote walioitwa. Tafiti nilizozitaja zinaunga mkono jambo hili hata kwa faida ya mwajiri mwenyewe: katika hesabu za mwaka 2022, usaili wenye maswali yaleyale kwa kila mtu na alama zilizopangwa mapema ulipata 0.42, ukiwa juu kuliko njia nyingine zote, ilhali ule wa kila mjumbe kuuliza linalomjia ulipata 0.19.

4. Ukimya, na taarifa za watu zilizoachwa wazi

Siku ya usaili wa jopo nilikaa benchi moja na yule aliyechora ramani ya rafu. Tulipeana namba za simu, tukaombeana heri. Katika mwezi wangu wa tatu kazini alinitumia ujumbe akiuliza kama nimesikia lolote, na kama "wameshaita watu". Nilikuwa nimeketi kwenye meza ileile ya mapokezi aliyoshauri isogezwe. Ilinichukua siku mbili kumjibu, na sikumwambia yote.

Mtasema waombaji ni wengi na haiwezekani kumjibu kila mmoja. Kwa waliotuma fomu tu, hoja hiyo ina uzito wake, ijapokuwa mfumo uliotuma ujumbe wa "tumepokea maombi yako" kwa wote usingeshindwa kutuma ujumbe wa pili. Kwa waliofikia kazi ya majaribio, haina uzito wowote. Kabrasha linaonyesha tulikuwa 4. Barua zilizotakiwa kuandikwa zilikuwa 3.

Pamoja na kazi zao, kabrasha hilo lina nakala za vitambulisho vyao, vyeti vyao, na majina na namba za simu za wadhamini wao, na linafunguliwa na yeyote mwenye kompyuta ya bohari. Mwongozo wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ulinzi wa taarifa binafsi za wafanyakazi, uliopitishwa mwaka 1996, unamhesabu mwombaji kazi kuwa miongoni mwa wanaopaswa kulindwa. Nililitaja jambo hili katika barua yangu ya kwanza kwa Rasilimali Watu, nikilitenga na malalamiko yangu binafsi ili lishughulikiwe haraka. Kabrasha liko wazi hadi ninapoandika haya.

Ninachoomba

Kutokana na hayo, naomba kwa heshima yafuatayo, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua hii:

(a) Waombaji wale 3 waandikiwe barua, waambiwe matokeo ya maombi yao, waambiwe kwamba kazi zao zinatumika, na walipwe kwa saa walizotumia, kwa kiwango cha nafasi waliyoiomba. Wakikataa zitumike, ziondolewe.

(b) Nakala za vitambulisho, vyeti na taarifa za wadhamini ziondolewe leo kwenye kabrasha la pamoja. Hili halihitaji siku 30.

(c) Mkataba wangu upitiwe upya kwa kulinganisha na tangazo la kazi na maelezo niliyopewa kwa simu, na nipewe jibu la maandishi. Kama muundo wa idara ulibadilika kweli, nionyeshwe uamuzi huo na tarehe yake. Nikiuona, nitaacha kudai cheo, ingawa sitaacha kudai maelezo ya kwa nini sikuambiwa.

(d) Kuanzia usaili ujao, barua ya ajira imfikie mtu kabla hajatakiwa kutoa notisi anakotoka, jopo liwe na maswali yaliyoandikwa ambayo kila msailiwa ataulizwa, na kazi ya majaribio itumie takwimu za kubuni na isizidi saa 2.

(e) Barua hii isichukuliwe kuwa utovu wa nidhamu. Muda wangu wa matazamio umekwisha, tathmini yangu ya utendaji ilikuwa nzuri, na sijatoa siri yoyote ya biashara.

Kuhusu malipo ya saa zangu 14, sidai chochote. Nimeyaacha ili isidhaniwe kwamba nimewaombea wenzangu kwa ajili ya kujiombea mimi. Wala siombi mtu afukuzwe kazi. Aliyelipaka jedwali langu rangi ya buluu huenda aliambiwa tu alitafute na alitumie, kama nilivyotumwa mimi.

Nipo tayari kuitwa na Bodi wakati wowote, nije na nakala za barua zangu tatu na barua pepe ya sentensi 4. Jibu la maandishi linaweza kuletwa kwangu siku yoyote ya kazi kuanzia saa 2 asubuhi, kwenye meza ya mapokezi, karibu na mlango wa kupakulia, pale iliposogezwa.

Wenu katika kazi,

Msaidizi wa Msimamizi wa Bohari,
niliyesailiwa kuwa Msimamizi.